Kibao cha kufutika cha shilingi 12,000: miezi mitano mkononi mwa mtoto wa miaka mitano

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, Machomane, Chake Chake, na binti yangu wa mwisho ana miaka mitano. Nalitanguliza hilo ili mjue kibao hiki nimekipima kwa jicho gani. Mstari kwangu ndiyo riziki: ukienda pembeni nusu inchi, sare ya skuli ya mtoto wa watu inambana kwapani, na wa kukesha akifumua ni mimi.

Kibao chenyewe wengi mmeshakiona madukani. Ni kipande chembamba cha plastiki, uso mweusi, kina kalamu isiyo na wino. Ukiandika, mstari unatoka wa kijani, au wa rangi mchanganyiko kama upinde wa mvua. Ukibonyeza kitufe kila kitu kinapotea, panarudi peusi. Kipo cha inchi 8.5, cha 10 na cha 12. Mimi nilichukua cha 10 kwenye duka moja hapa mjini Chake, tukavutana kutoka 15,000 mpaka 12,000. Muuzaji akaniapia, "Dada yangu, wiki mbili tu, mtoto atakuandikia barua." Huu ni mwezi wa tano. Barua iko njiani.

Kilichonipeleka dukani ni maneno ya mwalimu wake wa maandalizi. Alinisimamisha mlangoni nilipokwenda kumchukua mtoto, akaniambia kwa upole, "Mama, mwanao herufi zote anazo mdomoni. Mkononi hana hata moja." Kweli. A, e, i, o, u anaziimba mpaka jirani keshazichoka, ba be bi bo bu hakosei. Mpe penseli sasa. Anaikamata kwa ngumi kama mtu aliyeshika mchi, anakandamiza mpaka ncha inakatika, halafu analia. Ncha ingekuwa jambo dogo, inachongwa. Kilio ni cha herufi iliyokataa kufanana na ya mwalimu, na kifutio kikipita kinaacha doa la kijivu, siku nyingine tundu kabisa. Kuchukia kufumua amerithi kwangu.

Nikawaza, nikimpata kitu ambacho kosa halibakishi alama, huenda akatulia.

Kwanza nieleze kinavyofanya kazi, maana mjomba wake alipovuka kutoka Unguja alikitazama mara moja tu akasema, "Hiyo simu kubwa, itamharibu macho." Jamani, hakina taa ndani, hakina intaneti, hakitoi sauti. Kati ya plastiki mbili kuna utando wa kimiminika chenye fuwele. Anayejua nguo ataelewa nikimwambia ni mahameli. Pitisha kidole kwenye mahameli, manyoya yanalala upande mmoja na mstari unang'aa. Yapanguse kwa kiganja, mstari hakuna. Kalamu ikikandamiza, fuwele za mahali pale zinajipanga vingine na kuanza kurudisha mwanga. Kitufe kinapeleka umeme kidogo wa kuzivuruga zirudi zilivyokuwa. Kwa hiyo betri inaliwa wakati wa kufuta tu. Andika leo, kiache, kirudie wiki ijayo, maandishi utayakuta palepale. Huku Pemba umeme unatufikia kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na ukiamua kupumzika unapumzika, kwa hiyo kitu kisichodai chaji mimi nakiheshimu. Ila msidanganywe na picha ya kwenye boksi: gizani hakionekani ng'o. Kinataka mwanga kama karatasi inavyotaka.

Wiki ya kwanza nilijiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Mtoto alikaa chini, na hilo peke yake lilikaribia kurudisha fedha yangu. Aliandika a, akaicheka, akafuta. Akaandika nyingine ina mkia mrefu kama taa wa baharini, akafuta. Siku moja nilihesabu nikiwa natia mikono kwenye kanzu: aliandika m zaidi ya ishirini kabla sijamaliza mkono mmoja, na hakutoa chozi. Kwenye daftari alikuwa hajapata kufika tano. Woga ulimtoka, hilo nakiri, na ulitolewa na kibao.

Sasa kasoro. Uso wake unateleza. Fundi yeyote atakwambia hariri na kaki hazikatwi kwa mkono mmoja. Hariri inakimbia, kaki inakushika. Penseli na karatasi vinashikana, pana mkwaruzo mdogo unaomjulisha mtoto mkono wake umefika wapi. Juu ya kibao kalamu inakwenda kama mguu juu ya mwani. Sisi wakubwa tunavumilia. Anayeanza anajiokoa kwa kukandamiza, na kibao kinamtunza kwa hilo, kwani ukikandamiza zaidi mstari unanenepa na kupendeza. Baada ya mwezi mmoja nilipomrudisha kwenye daftari alitoboa kurasa tatu kwa kikao kimoja. Kalamu yenyewe ni ndefu na nyembamba kama kijiti cha mishikaki, na ngumi yake ilibaki ngumi.

Halafu bangili. Uso ule unapokea kila kinachoukandamiza, iwe ukucha au kifungo cha shati. Binti yangu ana bangili zake za plastiki, na kila akilaza mkono unatokea mchoro asioutaka. Dawa aliyojitungia ni kuunyanyua mkono mzima hewani na kuandika kwa bega. Mtazame fundi mzoefu akichora nguo: kiganja kimelala mezani, vidole ndivyo vinavyotembea. Nikamvua bangili. Siku hiyo hakukuandikwa kitu, ilikuwa siku ya kununa.

Lakini yote hayo madogo mbele ya kitufe.

Mama yangu naishi naye. Ni msukaji wa ukili wa mikeka, anakaa ukumbini na miyaa yake, yale majani ya kusukia, anaona kila jambo na hasemi. Siku moja mtoto aliandika jina lake lote kwa mara ya kwanza. (Siliweki hapa; lina herufi sita, mbili ni a.) Akapiga ukelele, "Mama, njoo!" Nikamjibu ngoja nimalize pindo. Nilipofika, peusi. Keshafuta. Akajaribu tena, halikuja. Baba yake aliporudi magharibi hakukuwa na cha kumwonyesha, na mtoto akaapa kuwa aliandika, akawa kama anasingiziwa uongo.

Ndipo Mama akauweka ukili chini. "Sisi chuoni, kwenye chuo cha Kurani, tulikuwa na ubao wa mti," akasema. "Tunaandikiwa kwa wino wa masizi, tunasoma, tunarudia. Na ubao hauoshwi mpaka somo limeingia. Ukiitwa ukauoshe, ujue umefuzu." Akachukua ukili wake, akaendelea.

Nikabaki na mguu juu ya kanyagio la cherehani. Ubao wa Mama nao ulikuwa wa kufutika. Lakini kule maji yalikuja baada ya kazi, na kwa ruhusa. Huku kwangu anayeamua kufuta ni kidole kilichochoka. Mtoto aliyekuwa akilia kwa kosa moja sasa anafuta na sahihi pia, bila kuitazama, kwa sababu kubonyeza kunanoga kuliko kuandika. Nilimchunguza siku tatu: nusu ya muda alikuwa anachezea kitufe.

Tangu hapo nyumbani pana sharti. Kitufe hakibonyezwi kabla mtu mzima hajaona, na kabla mtoto mwenyewe hajachagua herufi iliyo nzuri kuliko zote. Iliyochaguliwa inahamishiwa kwenye daftari kwa penseli, ndipo kibao kinafutwa. Daftari lina kurasa kumi na nne sasa. Ukurasa wa kwanza m imelala chali; wa kumi na nne imesimama kwa miguu yake mitatu. Kibao kisingenionyesha hilo hata nikikaa nacho miaka kumi. Baadhi ya vibao vina kijiswichi nyuma cha kukifunga kitufe kisifanye kazi. Changu hakina, na laiti ningelijua kuwa jambo hilo lipo ningelitafuta kabla ya kuvutana bei.

Lililobaki kidogo nikivunje ni la betri. Nyuma kuna kifuniko, na ndani yake kile kibetri bapa cha mviringo kinachong'aa kama sarafu. Kifuniko kinatakiwa kishikwe na skrubu. Changu kilikuja bila skrubu. Siku ya pili nilimkuta mtoto kakifungua kwa ukucha, betri iko kiganjani anaigeuzageuza. Nisikilizeni hapa kina mama: betri ya aina hiyo mtoto akiimeza ikakwama kooni inaunguza koo, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Haingojwi itoke yenyewe chooni, ni kukimbilia hospitali mbio. Nilikirudisha dukani nikaambiwa, "Dada, vyote ndivyo vilivyo." Nikaomba nivione. Viwili vilikuwa hivyohivyo, cha tatu kilikuwa na skrubu yake lakini ni cha inchi 12 na bei 20,000. Basi nimekibana changu kwa utepe wa kubandika, nikakishonea na mfuko wa jinzi unaoziba mgongo wote, mshono mara mbili. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu anayetia kila kitu mdomoni, ningesema msikiingize kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo waliokitengeneza hawakulifikiria, wala siwalaumu. Watoto wetu asubuhi wako skuli, jioni wako chuoni. Asubuhi mstari unaanzia kushoto, jioni unaanzia kulia. Daftari la skuli lina ule mstari wake wa pembeni na juzuu ya Kurani inafunguka upande wake, kwa hiyo chombo chenyewe kinamwambia mtoto aanzie wapi. Kibao hakina mwanzo wala mwisho. Wangu aliandika jina lake akianzia kulia, herufi zote zimegeuka kama zinavyoonekana kwenye kioo, na pembeni yake alif moja ya Kiarabu imenyooka safi. Nilishtuka, nikahisi tunamvuruga. Mwalimu akacheka. Akanieleza kuwa kugeuza herufi ni kawaida kwa umri huu, b na d zinaweza kubadilishana nafasi mpaka miaka saba hivi, na hata watoto wasioijua alif wanafanya.

Hata hivyo fundi hakosi la kufanya. Ule mfuko wa jinzi nimeutia utepe mwekundu upande wa kushoto na wa kijani upande wa kulia. Nyekundu skuli, kijani chuoni. Sasa kabla hajaanza anauliza, "Mama, leo nyekundu?" Hapa nakipa kibao haki yake, kinabeba masomo yote mawili bila kugombana, na lile daftari lisingeweza. Dh, th na gh kuzitamka hazimsumbui, chuoni keshazizoea. Kinachomuudhi ni kuziandika. "Kule dhali ni moja, hapa naandika mbili, kwa nini?" Sikuwa na jibu. Nilimpa embe.

Ukitaka ukweli wangu, kushika kalamu alifunzwa na kitu ambacho sikumnunulia yeye. Chaki yangu ya nguo ni kile kipande bapa cha pembetatu. Huwezi kukishika kwa ngumi, kinakatika; kinakulazimisha dole gumba likae huku na vidole viwili vikae kule. Siku moja aliniibia kimoja akachora sakafu kuanzia mlangoni hadi chini ya meza yangu ya kukatia. Nilinyanyuka kumgombeza, macho yakaangukia vidole vyake, nikarudi kukaa. Sasa ana fungu lake la mabaki ya kaki na chaki zilizokwisha. Kaki inashika, chaki inakwaruza, mkono unajua ulipo. Tulianza na mistari ya kushuka, tukaja ya kulala, duara, alama ya kujumlisha, na ya kuinama tukaiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayochelewa kwa watoto. Ndiyo maana l na o zilikuja mapema na k ikamtesa mpaka juzi. Penseli nazo nimezikata fupi kama kidole chake, maana ndefu inamrudisha kwenye ngumi. Siniya yenye unga kidogo, aandike kwa kidole, nayo inafaa, ila kwetu kuku waliingilia kati.

Na msisahau kazi za nyumbani zetu wenyewe. Mama kampa miyaa asuke. Anachokisuka hakitafika hata mkeka wa paka, lakini kubana jani jembamba lisiteleze ni zoezi tosha. Msimu wa karafuu alikaa na binamu zake wakichambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, mpaka vidole vikanuka usiku kucha. Nikikutana na kifaa cha dukani kinachofunza dole gumba na kidole cha shahada kuelewana kama lile rundo, nitakinunua bila kuvutana.

Kibao pia hakimpi mtoto sababu ya kuandika. Hiyo ilitoka kwenye daftari langu la vipimo. Ananiona kila mteja akija: bega, kifua, kiuno, urefu, namba, namba. Akataka lake. Nikamshonea karatasi chache kwa uzi mweusi, na sasa anapima nyumba nzima. Paka kapimwa, ndoo imepimwa, bibi yake kapimwa akiwa amelala. BEGA 5, anaandika, na hizo 5 ni za nini anajua yeye. Anaandika kwa herufi kubwa kwa sababu za kwanza kuzisoma ni za kwenye kanga zangu, na jina la kanga huchapwa kwa herufi kubwa. Siku moja aliandika KAGA. Ile n sikio lake halijaikamata. Sikukata kwa wino mwekundu. Nilimpa kanga na kipande cha karatasi nilichoandika KANGA, nikamwambia atafute kwenye jina herufi ambayo yeye hana. Akatambaa na pindo lote mpaka akaipata.

Nilichogundua ni kwamba kabla ya kuandika neno jipya kwenye daftari lake la vipimo, analijaribu kwenye kibao. Mimi pia sikati nguo ya mtu kabla sijaijaribu kwa kukata gazeti. Tangu nilipoliona hilo sikilaumu tena kwa kutokuwa daftari.

Kwa hiyo: kama una 12,000 na nyumbani hamna penseli wala daftari, nunua hivyo kwanza, na chenji itabaki. Kama vipo na mtoto analia kila akikosea, kibao kinafaa, kuanzia miaka minne, cha inchi 12 ukimudu, kitufe chenye kufuli, skrubu uikague dukani kwa macho yako. Uso haustahimili chuma. Changu kona moja haifutiki tena baada ya kujaribiwa kwa ncha ya mkasi, na aliyejaribu hajulikani mpaka leo. Betri bado ileile. Kalamu nimeifunga kwa uzi wa nailoni, maana ya kwanza ilipotea siku ya nane na kununua kalamu peke yake sikufanikiwa. Tulitumia mpini wa burashi mpaka ilipopatikana ndani ya pipa la mchele.

Juzi aliandika jina lake kwa chaki nyeupe kwenye upande wa ndani wa baibui la mteja, nililokuwa nimelitandika mezani kwa ajili ya pindo. Herufi zote sita zimesimama, kutoka upande mwekundu. Kisha akaanza kupapasa kingo za kitambaa, akaniuliza kitufe kiko wapi. Baibui lilikuwa la kukabidhiwa saa kumi. Nikamwita bibi yake aje aone, nikapiga na picha ya baba yake, ndipo nikachukua burashi.